Shangazi, shehe kaniambia nisubiri mpaka msimu wa korosho uishe

Jamani watu wa Kusini, hamjambo. Toleo lililopita dada mmoja wa Nachingwea aliniuliza kama ni dhambi kumpeleka mume polisi, nikamjibu mistari sita tu kwamba sio dhambi, nikapita zangu kwenye swali la mirathi. Kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimekuja za Newala, Kilwa, Masasi, Ruangwa, wapo walioniombea dua na wapo walioniambia nimetumwa na wazungu, na mzee mmoja wa Mikindani kanipigia saa tano usiku kunisomea aya (baba yangu nakuheshimu ila saa tano mi nshalala). Karibu zote zina kitu kimoja, mtu kabla hajafika polisi wala hospitali alishapita kwanza kwa shehe, au kwa padri, au kwa mama mchungaji, au kwa nyakanga (mama anayeongoza unyago) aliyemcheza. Kwaiyo leo mirathi na mikopo ikae pembeni, nimechagua barua tano za huko huko. Majina nimetoa na vijiji nimetoa.

*

*Shikamoo shangazi. Mi nipo Tandahimba, nina miaka 31 na watoto watatu. Mume wangu miezi mingine ni mtu wa kawaida tu, ila korosho zikishaanza kuokotwa ndo balaa, anakunywa uraka (pombe ya mabibo) toka asubuhi, hela ya mnada ikiingia kwenye akaunti yake nikiuliza ya ada napigwa. Mwaka jana kanivunja jino. Nikaenda kwa shehe wetu, ni mtu mzuri sikatai, akamwita mume wangu akatusomea dua, akaniambia mwanangu subira ni nusu ya imani, ngoja msimu uishe atatulia. Na kweli alitulia, ila mwaka huu mvua hata hazijaanza kashaanza tena. Kurudi kwa shehe naona kama namsumbua. Mama mkwe nae anasema vumilia wote tulipigwa. Nifanyeje, na sitaki kumfunga baba wa watoto wangu.*

Marahaba mwanangu. Pole ya jino, na pole ya hiyo "wote tulipigwa", nadhani imekuuma kuliko ngumi yenyewe. Mkweo hajakudanganya lakini. Ule utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16, wanawake 4 kati ya 10 walisema wameshawahi kupigwa tangu wafike miaka 15, na mi kilichonishtua sio hicho, ni kwamba walioona mume ana sababu ya kumpiga mke walikuwa wengi zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, yani zaidi ya nusu ya wanawake walioulizwa. Kwaiyo mkweo ana wenzie wengi sana, na wengine wanakaa safu ya mbele kwenye maulidi na kwenye kwaya.

Shehe wako simlaumu kwa roho mbaya maana hana. Alichokosea ni kuchukua kipigo akakiita ugomvi. Ugomvi ni wa watu wawili, huyu kasema hivi yule kasema vile, hapo subira ina kazi. Kuvunjwa jino sio ugomvi. Na subira tunayosifiwa ni ya msiba, ya maradhi, ya njaa, mambo ambayo hakuna mtu wa kumshika mkono ukamwambia acha. Huyu mkono wake unashikika.

Na usije ukakubali habari ya uraka wala habari ya msimu. Mbona akishalewa hampigi mwenyekiti wa AMCOS (ushirika wa wakulima) anayemcheleweshea malipo? Mbona hampigi karani wa mizani? Anajua vizuri nani wa kumpiga na nani wa kumwamkia. Msimu unaleta hela, hela inaleta maswali, na maswali yako ndo hayataki. Mnaokota wote, mnaanika wote, afu akaunti ni moja na jina ni lake. Hilo mi naliona kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi minada ikianza, na wakati mwingine bibi mdogo anapatikana kabla hata gunia la mwisho halijafika ghalani.

Sasa fanya hivi. Leo kabla ya yote kitambulisho chako, kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitoe nyumbani, viweke kwa mtu unayemwamini, na huyo mtu ajue ukigonga usiku ni kwanini. Kisha mtafute mjomba wako. Nakwambia mjomba kwa makusudi, sisi Wamakonde na Wayao na Wamwera na Wamakua mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndo alikuwa mwenye neno, siku hizi tunamkumbuka kwenye mahari na kwenye msiba tu. Nenda nae kwa shehe bila mumeo kuwepo. Usiende kuomba dua, dua ulishapata. Muulize shehe swali moja, akinipiga tena wewe utafanya nini? Akisema tutaongea nae, muulize na baada ya kuongea nae? Unataka jibu kutoka mdomoni kwake kwamba mara nyingine atakusindikiza mwenyewe mpaka kwenye dawati la jinsia na watoto pale polisi wilayani. Kazi ya kuongea na mumeo waifanye shehe na mjomba, wanaume watupu, na waseme wameona wenyewe, wasiseme wametumwa na wewe. Suratun Nisaa aya ya 35 inataka mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke, sasa siku ile mlipokaa na shehe upande wako alikuwepo nani? Ulikuwa peke yako na jino lako.

Kuhusu kumfunga sitakudanganya. Kukupiga akakuumiza ni jinai, na kesi ya jinai ikishafunguliwa ni ya Jamhuri sio yako, huwezi kuifunga na kuifungua kama mlango. Ila kwenda dawati kuomba ushauri sio lazima siku hiyo hiyo atiwe pingu, wale wapo kukusikiliza kwanza. Ukiumizwa chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ukatibiwe, na hata ukiamua kutoshtaki ile karatasi inabaki kumbukumbu. Kama umeumia vibaya nenda hospitali kwanza, damu haisubiri fomu.

Talaka hujaniuliza na mi sikusukumi. Ujue tu kwamba njia ipo, inapitia bodi ya usuluhishi (ya kata, au ya BAKWATA, baraza la Waislamu), wakishindwa wanakupa hati na hiyo hati unatakiwa uitumie mahakamani ndani ya miezi sita, na mahakama ya mwanzo inatosha. Na kama utaambiwa mikorosho ni ya mume wewe ulikuwa wa kupika tu, toka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sembuse wewe uliyeokota.

*

*Tumsifu Yesu Kristo shangazi, najua we ni Muislamu nisamehe ndo salamu yetu. Mi ni katekista wa kigango kimoja wilaya ya Masasi, padri anafika mara moja kwa mwezi kwaiyo kesi zote za ndoa zinaanguka kwangu, mwaka wa 14 sasa. Utaratibu wangu nawaita wote wawili, tunasali, kila mmoja anasema yake, wanaombana msamaha wanashikana mikono. Mwezi wa tatu kuna mama niliwapatanisha na mume wake Jumapili, Jumanne usiku mama kakimbizwa hospitali hajitambui. Kapona ila sikio moja halisikii. Tokea hapo silali. Nilikosea wapi? Na jingine, haya ninayoambiwa ni siri kama ya kitubio au naruhusiwa kwenda polisi?*

Milele amina, baba katekista, wala usiombe radhi, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwanglikana wa Lulindi hiyo salamu nimeijibu toka sijaanza madrasa.

Nianze na yangu ili tusemeshane tukiwa sawa. Zamani nikiwa afisa maendeleo wa kata (kata gani niachie) alikuja mama na kitenge kafunika uso kwenye jua la saa saba. Nilikuwa nawahi gari ya mjini, semina, na posho yake nshaipigia hesabu. Nikamwambia mdogo wangu rudi nyumbani Jumatatu nitawaita wote wawili tuyamalize. Nikaona nimetenda. Jumatatu hakuja, alikuja mwanae wa darasa la tano kusema mama kavunjwa mkono kwa sababu baba kasikia kapelekwa kwa afisa. Mi ndo nilimwambia mtendaji aandike barua ya wito, na barua ilipelekwa kwa nani? Kwa mume. Kwaiyo huko kukosa usingizi kwako baba nakufahamu.

Kosa lako na langu ni lile lile, kuwakalisha wote wawili. Pale mbele yako yule mama atasema nini? Akisema kweli anarudi nyumbani na huyo huyo aliyemsema, njia moja, baiskeli moja. Akificha wewe unaona mambo madogo. Na mume mbele ya katekista na msalaba ukutani analia kabisa, anaomba msamaha, na huenda siku hiyo anamaanisha, mi sisemi wote wanaigiza. Ila msamaha wa kushikana mikono unamfungia mama mdomo, maana akipigwa tena sasa yeye ndo kakosa, si alishasamehe mbele ya kigango? Utaratibu wako baba ni mzuri sana kwa watu waliogombana kwa sababu ya shamba au wakwe. Kwa kipigo usiutumie tena, hata siku moja.

Mama akija, mkalishe peke yake, au ukiona vibaya mwanaume na mwanamke kukaa peke yenu muite mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, asiyekuwa na mdomo (unawajua, kila kigango yupo mmoja, na yupo na yule mwingine). Usimuulize kwanza alifanya nini mpaka akapigwa. Muulize usiku wa leo analala wapi na anaogopa nini. Kashawahi kukabwa shingo? Kuna panga ndani limeshaonyeshwa? Watoto wapo wapi saa hizi? Hayo majibu ndo yatakwambia kama tunaongelea wiki ijayo au tunaongelea saa hizi bodaboda ije. Mwamini, hata kama mume ndo mwenyekiti wa halmashauri ya walei na ndo alitoa bati za kanisa. Hasa kama ndo alitoa bati.

Na hapo ndo kigango kina nguvu ambayo polisi hawana. Polisi hawana nyumba ya kumlaza, nyie mnazo, kuna wajane kwenye jumuiya wanalala peke yao vyumba viwili. Polisi mara nyingine hata mafuta ya difenda ni shida, nyie Jumapili mnapitisha kapu la mchango wa jumuiya, elfu kumi ya nauli ya kumfikisha wilayani haiui kigango. Mtendaji wa kijiji akimwambia rudini mkayamalize, mama akirudi na katekista amesimama nyuma yake lugha inabadilika, nimeliona hilo kwa macho. Afu kwenye ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA ulioanza 2017, kuna kamati mpaka ngazi ya kijiji na viongozi wa dini wana nafasi yao mle. Nenda kaulize kijijini kwenu kamati ilikaa lini mara ya mwisho. Watakuambia subiri tuangalie daftari.

Kuhusu siri. Kitubio ni cha padri, kile kimefungwa na hakifunguliwi na mtu yeyote. Wewe hausikilizi kitubio, unasikiliza shida za watu, kwaiyo una usiri wa mtu mzima mwenye adabu, sio kufuli la kanisa. Kwa mama mtu mzima usikimbilie polisi bila yeye kukubali, anayejua mumewe atafanya nini akisikia ni yeye, na wewe utalala kwako. Msindikize akiwa tayari. Ila ukijua maisha yake yapo hatarini usiku ule hapo usingoje ruhusa ya mtu. Na akiwa mtoto hakuna mjadala kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa akijua haki ya mtoto inavunjwa. Kubakwa au kulawitiwa, mfikisheni hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa ya kuzuia virusi, na mkiweza kabla hajaoga. Nimeona wazee wa kanisa wanakaa kikao siku nne kujadili heshima ya familia, dawa muda wake umeshapita.

Kuna kitu watu wa kwenu hawaambiwi. Mama wengi wa Kikatoliki wanakaa kwenye kipigo kwa kuamini kuondoka ni kuvunja sakramenti. Sheria ya Kanisa yenyewe, ile ya 1983, kanuni ya 1153, inasema mwenzi akimweka mwenzie kwenye hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa sababu halali ya kuondoka. Kutengana, sio kuoa tena, hilo ni lingine muulize paroko. Padri akija mwezi ujao kabla hajapanda pikipiki mwombe aseme hilo kwenye mahubiri, dakika tano, wakiwepo wanaume. Na yule bwana wa sikio asipewe somo la kusoma altareni Jumapili kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkewe yupo pale pale kwenye benchi, anamsikia kwa sikio moja.

*

*Asalaam alaykum. Wewe mwanamke unapotosha umma. Suratun Nisaa aya ya 34 ipo wazi na hata Biblia inasema mke amtii mumewe. Kumpiga kidogo kwa kumfundisha ni haki ya mume. Msomaji, Kilwa.*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ile aya umeianzia mwisho. Ina nasaha kwanza, ina kuhamana malazi, na wanazuoni walipofika hapo unapopapenda wameweka masharti, pasiguswe uso, pasibaki alama, pasiwe na maumivu, mpaka wengine wametoa mfano wa kijiti cha mswaki, na Ataa bin Abi Rabaha wa Makka akasema mume asipige kabisa. Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Sasa kama unafuata sunna, fuata na hiyo.

Biblia umeikumbuka leo ghafla nimefurahi, endelea kusoma ule ukurasa, Waefeso 5 mstari wa 25, mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Na kama vitabu vyote viwili vimekushinda ipo Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66, hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzie adhabu ya kipigo. Haijasema kidogo wala kikubwa. Miaka zaidi ya hamsini hiyo sheria ipo, kabla hata mimi sijatumwa na wazungu.

*

*Shangazi mi ni ostaz wa madrasa, Lindi huku vijijini. Kuna binti wa kidato cha pili kapata mimba, aliyempa ni kijana wa miaka 27 ana duka. Familia zote mbili zimekubaliana zimenifata nifungishe nikah Alhamisi baada ya isha, kimya kimya, ili mtoto azaliwe ndani ya ndoa na kijana asiende jela. Naona ni kusitiri aibu ya Muislamu. Ila moyo unasita.*

Ostaz huo moyo unaosita ndo uufate. Usifungishe. Sijui barua hii itachapwa lini ndo maana nimeshakutumia meseji, hapa naandika kwa ajili ya wengine.

Binti wa kidato cha pili ni mtoto. Kisheria aliye chini ya miaka 18 hana kukubali, hata aandike kwa mkono wake kwamba alipenda, na sheria ya elimu ilipobadilishwa 2016 kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Anayesaidia ndoa hiyo ifungwe nae ana kosa lake, na wewe ndo ungekuwa umekaa katikati ya mkeka. Kama wazee wanasema sheria ya ndoa inaruhusu wa miaka 15, waambie Mahakama Kuu ilishasema 2016 kwamba vile vifungu vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa ile rufaa.

Kusitiri aibu ni neno zuri na kwetu pwani lina uzito. Ila hapa tunamsitiri nani? Binti tumbo linaonekana tayari. Anayesitiriwa ni mwenye duka. Na miezi sita baadae ataandikiwa talaka kwenye karatasi ya daftari, hayo mmeshayaona huko mara ngapi.

Nenda kwa wazazi wa binti kama ostaz wao, waambie wewe hutofungisha na hutomtafutia mwingine wa kufungisha, maana wataanza kutafuta. Mpelekeni kliniki, mwilini bado mdogo huyo na uzazi wa umri ule ni hatari. Toeni taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati, na mkiogopa sura za watu ipo namba 116 ya watoto, kupiga ni bure. Waambie na hili, toka Novemba 2021 serikali ilisharuhusu waliojifungua warudi shule, kwaiyo kidato cha pili hakijaishia pale. Na kwenye madrasa yako usimfukuze. Najua utaambiwa ataambukiza wenzie tabia. Mimba haiambukizi ostaz.

*

*Shikamoo dada. Mi ni nyakanga, nimecheza wali (mabinti wa unyago) toka mama yangu yupo hai. Mchungaji wetu anasema unyago ni ushetani na mashehe nao wanasema bidaa, afu nikiwaita waje waseme na watoto hawaji. Hao watoto nakaa nao mimi. Tunawafundisha mengi mazuri, usafi, heshima, ila ni kweli zipo nyimbo tunawaambia mume akikupiga usitoke nje, ya ndani yabaki ndani. Nimesoma jibu lako la toleo lililopita nikajiuliza, kumbe na mi nimo?*

Marahaba nyakanga wangu. Ndio, na wewe umo, na mimi nimo, na huo wimbo nimeuimba na makofi nimepiga. Barua yako ndo imenifanya niandike kurasa zote hizi.

Kwa mchungaji wako nina habari ya kwao. Hapo hapo Masasi, Askofu Vincent Lucas, ndo askofu wa kwanza wa dayosisi ile ya Anglikana kuanzia 1926, alikuta jando, na badala ya kulilaani akaliingiza kanisani, ikawa jando la Kikristo lenye sala na baraka, na kwa upande wa wasichana nao wakajaribu. Wapo waliompinga mpaka leo, na mi mwenyewe sisemi kila kitu alichofanya kilikuwa sawa, mzungu akikupangia unyago kuna vitu vinamponyoka. Ila alielewa kitu ambacho mchungaji wako hajakielewa, kwamba yale maneno ya kule ndani yanakaa kwa mtu kuliko mahubiri. Mi nina miaka sitini na kitu, mahubiri na hotuba nilizosikia siwezi kuzihesabu na sizikumbuki, lakini niliyofundwa nikiwa mwali nayakumbuka neno kwa neno.

Kwaiyo usiache ngoma, badilisha maneno. Siri ya nyumba ni ya kitandani na ya mfukoni, hiyo waambie waitunze. Jicho lililovimba sio siri. Kila mwali ana somo wake, yule mama anayemfunda, si ndio? Somo huwa anaisha kazi siku mwali anatoka. Mwongezee kazi. Mwambie mwali mbele ya somo wake, siku mume akikunyanyulia mkono, huyu hapa ndo wa kwanza kumwambia, usiku au mchana, na somo aitikie mbele ya watu wote kwamba amesikia. Mama zao wapo pale wanacheza, wasikie na wao, maana wengi wao hawakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Somo awe na namba ya dawati kwenye simu yake, awe anajua nyumba ya shehe na ya katekista, na ajue yupi kati yao anasindikiza na yupi anasema subiri.

La mwisho nyakanga na usinikasirikie. Watoto wa miaka nane na tisa msiwaingize. Tumeanza kuwacheza wadogo ili tuwahi likizo na gharama ziwe chini, matokeo yake mtoto wa darasa la tatu anatoka anaambiwa umeshakuwa mtu mzima, na wanaume wa kijiji wanasikia hiyo kauli na wao. Ngojeni akue, ngoma haiozi.

Umeniuliza kwenye ukurasa wa pili kama nitakuja likizo ya mwezi wa 12. Nitakuja. Kanga ninazo, msinishonee sare. Mchungaji nimeshamwandikia, kasema ataangalia ratiba, na shehe wa kata kasema atakuja kama hakutakuwa na ngoma. Nimemwambia ngoma itakuwepo ila aje asubuhi, kabla haijapamba moto, aseme na baba zao chini ya mwembe.